Bunduki ya Kujipakia: Mambo ya Kuzingatia kwa Mnunuzi wa Mara ya Kwanza Nchini Marekani

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Binamu yangu aliyelowea katika jimbo la Texas nchini Marekani amejikuta katika hali iyo hiyo. Wafanyakazi wenzake wana bunduki, jirani yake ana bunduki, na duka la vifaa vya michezo anakomnunulia mwanawe viatu vya kandanda lina ukuta mzima uliopangwa bunduki mithili ya vitabu maktabani. Hivi majuzi alinipigia simu akaniambia: "Wewe ndiye msomi wetu. Nataka kununua bunduki ya nusu-otomatiki, lakini muuzaji akinieleza mimi huitikia kwa kichwa tu. Hebu yasome mambo haya unieleze kwa lugha ya nyumbani."

Mimi si askari wala mwindaji. Mimi ni mwanafunzi wa fasihi. Hata hivyo, kusoma na kufafanua ndiyo kazi niliyofunzwa, na ombi la ndugu halipuuzwi. Makala haya yametokana na majibu niliyompa. Nimeona yafaa kuyachapisha katika jarida letu kwa sababu baadhi ya wanachama wetu, wakishahitimu, huenda Marekani kusoma au kufundisha Kiswahili vyuoni, na huko hukumbana na jambo hili wasilolizoea. Hoja yangu kuu ni moja: swali la "ninunue bunduki ipi?" ndilo la mwisho, wala si la kwanza. Linatanguliwa na maswali matatu: sheria inasema nini juu yangu, naitaka bunduki kwa kazi gani, na ni nani wengine wanaoishi nyumbani mwangu?

Maana ya Istilahi

Inafaa tuanze na jina lenyewe, maana asiyejua maana haambiwi maana. Neno "bunduki" tulilipokea kutoka Kiarabu. Katika masimulizi ya wazee wetu, mara nyingi linatujia pamoja na gobore, ile bunduki ya kale iliyoshindiliwa baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu. Aliyelifyatua gobore alipaswa kulishindilia upya kabla ya kufyatua tena. Baadaye zilikuja bunduki zenye komeo ambalo mtumiaji hulivuta kwa mkono ili kulitoa ganda lililotumika na kuingiza risasi nyingine. Bunduki ya nusu-otomatiki humwondolea mtumiaji kazi hiyo ya mkono.

Mambo hutendeka hivi. Kidole kinapovuta kifyatulio, nyundo ndogo iliyomo ndani huachiliwa na kuipiga sindano, nayo sindano huigonga fataki iliyo kwenye kitako cha risasi. Fataki huiwasha baruti, baruti hugeuka gesi yenye shinikizo kubwa, na gesi hiyo huisukuma risasi itoke mtutuni. Sehemu ya gesi hiyo, au nguvu ya msukumo wa kurudi nyuma, hulisukuma komeo nyuma na ganda tupu likaruka nje. Kisha springi hulirejesha komeo mbele likiwa limekokota risasi mpya kutoka kwenye magazini na kuiingiza katika chemba, yaani kile chumba kidogo kilicho nyuma ya mtutu. Yote haya hutukia kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Lakini risasi hiyo mpya haitoki mpaka kidole kikiachilie kifyatulio na kukivuta tena. Mvuto mmoja, risasi moja.

Hapo ndipo ilipo tofauti na bunduki ya otomatiki kamili, ambayo huendelea kumimina risasi maadamu kidole kimekibana kifyatulio. Nchini Marekani bunduki za aina hiyo zimewekewa masharti makali tangu sheria ya mwaka 1934, na zilizoundwa baada ya Mei 1986 haziruhusiwi kabisa kumilikiwa na raia wa kawaida. Bunduki anayoiona binamu yangu dukani si hiyo.

Kwa mtazamo wangu, neno "nusu" katika "nusu-otomatiki" linaweza kumpotosha mgeni, kwani humfanya adhani kuwa silaha hiyo ina nusu ya nguvu. Sivyo. Risasi itokayo ndani yake huwa na nguvu takribani sawa na ya risasi iyo hiyo ikitoka kwenye bunduki ya komeo. Ndiyo sababu napendekeza tuiite "bunduki ya kujipakia", jina linalotaja kile inachokifanya. Jina hili lina faida ya pili. Linamkumbusha mwenye bunduki kuwa baada ya kufyatua mara moja, silaha imekwisha kujiandaa kufyatua tena. Linamkumbusha vilevile kwamba akiiondoa magazini, risasi iliyokwisha kuingia katika chemba hubaki humo. Watu wengi wameuana na kujeruhiana kwa kulisahau jambo hili dogo: waliiona magazini mkononi, wakadhani bunduki ni tupu.

Je, Sheria Inakuruhusu?

Swali la kwanza la mnunuzi si la bei bali ni la hadhi yake kisheria. Hapa mgeni kutoka Afrika Mashariki anapaswa kuwa mwangalifu zaidi kuliko mwenyeji, kwani kosa ambalo mwenyeji angelipia kwa faini au kifungo, mgeni anaweza kulipia pia kwa kufukuzwa nchini.

Kwa mujibu wa sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 pamoja na marekebisho yake, mtu aliyeingia Marekani kwa visa ya muda, kama vile mwanafunzi, mtalii au mwalimu wa mabadilishano, kwa kawaida haruhusiwi kununua wala kuwa na bunduki au risasi. Upo msamaha kwa wachache, na unaojulikana zaidi ni wa mtu aliye na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo la Marekani. Katazo hili halihusu kununua pekee. Linahusu kuwa na silaha mkononi. Mwalimu msaidizi wa Kiswahili anayealikwa na wenyeji wake kwenda uwanja wa kulenga shabaha siku ya Jumamosi, akapewa bunduki "ajaribu kidogo tu", anaweza kuwa amevunja sheria bila ya kujua. Ni afadhali akatae kwa upole na kueleza sababu.

Mkazi wa kudumu, yaani mwenye grini kadi, anaruhusiwa kununua kama raia, mradi hana pingamizi nyingine. Miongoni mwa pingamizi hizo ni kuwa na hukumu ya kosa ambalo adhabu yake yaweza kuzidi kifungo cha mwaka 1, kuwa na hukumu ya ukatili wa kinyumbani hata kama kosa lilikuwa dogo, na matumizi ya dawa za kulevya kinyume cha sheria. Lakini mwenye grini kadi asijisahau. Hukumu ya kosa la silaha ni miongoni mwa sababu zinazoweza kumwondoa nchini hata akiwa ameishi huko miaka mingi.

Mnunuzi anapofika kwa muuzaji mwenye leseni ya serikali ya shirikisho, hujaza fomu iitwayo 4473. Fomu hiyo humuuliza jina, makazi, uraia na pingamizi nilizozitaja. Kisha muuzaji huwasiliana na mfumo wa taifa wa kuchunguza rekodi, ambao umekuwa ukitumika tangu Novemba 1998. Umri wa chini wa kununua bunduki ndefu kwa muuzaji wa aina hiyo, kwa sheria ya shirikisho, ni miaka 18, ingawa baadhi ya majimbo yameupandisha hadi 21. Sheria ya mwaka 2022 iliongeza uchunguzi wa kina kwa walio chini ya miaka 21.

Swali moja katika fomu hiyo linastahili kutajwa peke yake: je, wewe ndiwe mnunuzi halisi? Sisi tumelelewa katika desturi ya kutumana na kusaidiana. Mwenye makaratasi humnunulia asiye nayo simu au gari, na hakuna anayeona ubaya. Kwa bunduki, kumnunulia mwingine huku ukiandika kuwa unajinunulia mwenyewe ni jinai, na sheria ya mwaka 2022 imeipa adhabu kali zaidi. Ndugu akikuomba msaada wa namna hiyo, msaada wa kweli ni kumwambia hapana.

Aidha, sheria za shirikisho ni sakafu tu. Kila jimbo hujenga kuta zake juu yake. Texas haidai kibali maalumu cha kununua bunduki ndefu. California ilianza kupiga marufuku aina kadhaa za bunduki za kujipakia mwaka 1989, New Jersey ikafuata mwaka 1990, Connecticut mwaka 1993, Maryland ikakaza sheria yake mwaka 2013, na Washington ikapiga marufuku uuzaji wake mwaka 2023. Colorado imeweka kikomo cha risasi 15 katika magazini tangu mwaka 2013. Katazo la nchi nzima lilikuwapo kati ya mwaka 1994 na 2004, kisha likaisha muda wake. Kwa hiyo bunduki iliyo halali Dallas inaweza kumtia mwenyewe matatani Baltimore. Wakenya wa Marekani huhamahama kufuata kazi na masomo, na baina ya Texas, Minnesota na Maryland mna safari nyingi. Kabla ya kununua, na kabla ya kuhama, ni lazima sheria ya jimbo husika isomwe kama ilivyo siku hiyo, kwa kuwa sheria hizi hubadilika mara kwa mara.

Utaitumia kwa Kazi Gani?

Tunayo methali isemayo kwamba mchagua jembe si mkulima. Katika suala hili methali hiyo haifai, kwani asiyechagua kwa makini ndiye anayeharibikiwa. Kazi ndiyo inayochagua chombo.

Kama lengo ni kujifunza kulenga shabaha, bunduki ndogo yenye risasi nyepesi inatosha na kuzidi. Haina mshindo wa kumtisha anayeanza wala haimrudishi bega nyuma, na risasi zake ni za bei nafuu, hivyo mwanafunzi huweza kufanya mazoezi mengi bila ya kufilisika. Tabia njema hujengwa na mazoezi, wala si ukubwa wa silaha.

Kama lengo ni uwindaji, sheria za wanyamapori za jimbo ndizo zinazoamua. Texas, kwa mfano, haikubali swala wake wa mkia mweupe awindwe kwa risasi ndogo ya .22, na hudai kila mwindaji aliyezaliwa Septemba 2, 1971 au baadaye apate mafunzo ya uwindaji. Pennsylvania kwa miaka mingi haikuruhusu kabisa uwindaji kwa bunduki ya kujipakia, na mwaka 2017 ilipolegeza iliruhusu kwa wanyama wadogo. Mnunuzi anaweza kununua bunduki nzuri kisha akagundua kuwa hana ruhusa ya kuitumia kwa kazi aliyoikusudia.

Kama lengo ni kuilinda nyumba, hapo sharti mtu ajiulize kwa ukali zaidi. Nyumba nyingi za Marekani hazijengwi kwa mawe kama zetu. Kuta za ndani ni fremu za mbao zilizofunikwa kwa bodi nyembamba za jasi, na risasi ya bunduki ndefu huzipenya bila ya shida. Nyuma ya ukuta huo huenda kuna kitanda cha mtoto, au nyumba ya jirani. Binamu yangu aliponiambia kuwa anaogopa wezi, nilimuuliza kama mlango wake una komeo imara na taa ya nje. Alicheka, kisha akakiri kuwa taa hiyo imeungua tangu Krismasi.

Aina za Risasi

Mgeni akisikia majina ya risasi hudhani ni hesabu za kawaida, kumbe ni lugha yenye mitego. Tuangalie nne zinazopatikana zaidi katika bunduki za kujipakia.

Ya kwanza ni .22 Long Rifle, ambayo imekuwapo tangu mwaka 1887. Ni ndogo, ya bei nafuu na ya mshindo mdogo. Hata hivyo si ya kuchezewa. Huweza kusafiri zaidi ya kilomita 1.5 na inaua.

Ya pili ni .223 Remington. Mtu anaweza kudhani kuwa tofauti ya .22 na .223 ni chembe, lakini risasi ya .22 huondoka mtutuni ikiwa na nishati ya jouli 170 hivi, ilhali ile ya .223 huwa na jouli 1,700 hivi. Tarakimu moja imezidisha nguvu takribani mara 10. Risasi hii ina pacha wake wa kijeshi aitwaye 5.56 NATO. Kwa macho wanafanana, ila shinikizo na vipimo vya chemba zao vinatofautiana. Bunduki iliyoandikwa 5.56 kwa kawaida hutumia zote mbili kwa usalama, iliyoandikwa.223 pekee haifai kutiliwa 5.56. Maandishi hayo huchorwa juu ya mtutu au mwilini mwa bunduki, na mnunuzi asione haya kumwomba muuzaji amwonyeshe.

Ya tatu ni 7.62×39, iliyobuniwa katika Muungano wa Kisovieti na kuenea duniani pamoja na bunduki za Kalashnikov. Zamani ilisifiwa kwa urahisi wa bei huko Marekani, ila sifa hiyo ilipungua baada ya mwaka 2021 serikali ilipozuia vibali vipya vya kuingiza risasi kutoka Urusi.

Ya nne ni .308 Winchester, iliyotoka mwaka 1952. Hii ni ya masafa marefu na wanyama wakubwa. Bunduki yake ni nzito zaidi, risasi zake ni ghali zaidi, na msukumo wake humfanya anayeanza afumbe macho kabla ya kufyatua, tabia ambayo ni vigumu kuiacha.

Kanuni iliyo muhimu kuliko zote ni kwamba risasi iliyotiwa bundukini iwe ni ile iliyoandikwa kwenye bunduki hiyo, bila ya kukisia. Zipo risasi za aina tofauti zinazoweza kuingia katika magazini moja, na risasi isiyo yake huweza kuupasua mtutu usoni mwa mfyatuaji.

Bunduki Zenyewe

Tukishavuka maswali hayo ndipo tunapofika kwenye ukuta wa duka. Nitataja mifano michache inayosaidia kuonyesha tofauti.

Ruger 10/22, iliyoanza kuuzwa mwaka 1964, hutumia risasi ya .22 na magazini ya mviringo ya risasi 10. Ina uzani wa kilo 2.3 hivi, na kwa miaka mingi imekuwa bunduki ya kwanza ya wengi wanaojifunza.

AR-15 ndiyo inayotajwa sana habarini. Iliundwa katika kampuni ya ArmaLite mwishoni mwa miaka ya 1950, na mhandisi anayehusishwa nayo zaidi ni Eugene Stoner. Haki zake ziliuzwa kwa kampuni ya Colt mwaka 1959. Herufi AR zinatokana na jina la kampuni hiyo ya kwanza, wala si kifupi cha "bunduki ya mashambulizi" kama wengi wanavyodhani. Leo huundwa na kampuni nyingi, hivyo vipuri vyake hupatikana kwa urahisi, lakini ubora wake haulingani. Kitako chake mara nyingi huweza kurefushwa au kufupishwa, jambo linalowafaa watu wa maumbo mbalimbali. Ndiyo pia inayokatazwa zaidi na majimbo niliyoyataja.

Ruger Mini-14, iliyotokea miaka ya 1970, hutumia risasi ya .223 lakini sura yake ni ya bunduki ya kale yenye kitako cha mbao. Ipo pia SKS, aliyoibuni Sergei Simonov mwaka 1945, yenye magazini ya risasi 10 isiyochomolewa katika umbo lake la awali. Mifano hii miwili inatufunza kuwa sura si kipimo cha nguvu. Bunduki ya mbao na ya plastiki nyeusi zinaweza kutoa risasi ile ile kwa namna ile ile. Sheria za baadhi ya majimbo, hata hivyo, huziainisha kwa vipengele vya nje kama aina ya mshikio, na kwa sababu hiyo mnunuzi hana budi kuvijua.

Akiwa dukani, mnunuzi aombe muuzaji aifungue bunduki na kumwonyesha kuwa chemba ni tupu, kisha naye ahakikishe kwa macho. Baada ya hapo aiweke begani ikiwa imeelekezwa mahali salama. Je, jicho linafika kwenye vilengeo bila ya kunyoosha shingo? Je, mkono unaweza kuishikilia dakika mbili bila ya kutetemeka? Je, kitufe cha usalama kinafikiwa na kidole kwa urahisi? Ikiwa kuna uwanja unaokodisha bunduki, mnunuzi mwenye haki ya kisheria aikodi aina anayoifikiria kabla ya kutoa fedha zake. Mtutu nao usiwe mfupi kuliko inchi 16, yaani sentimita 40.6 hivi, kwani ulio mfupi zaidi huangukia chini ya sheria ya mwaka 1934 yenye usajili wake maalumu. Kwa bunduki iliyotumika, mnunuzi asiye na ujuzi aende na fundi au mtu mwenye uzoefu, na ajihadhari na silaha iliyochokonolewa ndani na mwenyewe wa kwanza.

Gharama Zisizoonekana na Uhifadhi

Bei iliyobandikwa ukutani ni sehemu tu ya gharama. Kuna risasi za mazoezi, vifaa vya kusafishia, miwani ya kukinga macho na vikinga masikio. Mlio wa bunduki huzidi desibeli 140, kiwango ambacho kinaweza kuharibu usikivu kwa mlio mmoja. Kuna pia ada ya mafunzo, ambayo ningeiweka mbele ya vyote. Mwalimu atamfunza zile kanuni 4 zinazojulikana: ichukulie kila bunduki kana kwamba ina risasi, usiuelekeze mtutu kwa kitu usichotaka kukiangamiza, kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka uwe umeshalenga, ijue shabaha yako na kilicho nyuma yake.

Gharama kubwa kuliko zote ni ya uhifadhi. Binamu yangu ana mwana wa miaka 14. Sheria ya Texas humtia hatiani mtu ambaye, kwa uzembe, ameiacha bunduki yenye risasi mahali ambapo mtoto wa chini ya miaka 17 ameifikia. Lakini hata kama sheria hiyo isingekuwapo, sababu ingebaki. Kikulacho ki nguoni mwako. Nchini Marekani zaidi ya nusu ya vifo vinavyosababishwa na bunduki ni vya watu waliojiua wenyewe, wala si vya mauaji ya wezi na majambazi. Kijana aliyekata tamaa usiku mmoja, akikosa chombo, mara nyingi huifikia asubuhi na hali yake ikabadilika. Akiwa na bunduki, hapati nafasi ya pili. Hili nililisema kwa binamu yangu bila ya kulizungusha, ingawa katika jamii zetu ni mada tunayoikwepa. Mgeni aliye mbali na jamaa, anayefanya kazi mbili na kulala mchana, naye si salama kuliko mwanawe.

Basi bunduki ifungiwe katika sefu ikiwa tupu, risasi zifungiwe mahali pengine, na ufunguo au namba ya siri isijulikane na mtoto. Mtoto kujua mahali pa ufunguo ni sawa na kutokuwapo kwa kufuli. Nyumba ikipitia msiba, talaka au huzuni kubwa, silaha iondolewe nyumbani kwa muda kwa njia inayokubalika kisheria katika jimbo hilo.

Kuna onyo la mwisho kwa walio na mazoea ya kutuma mizigo nyumbani. Bunduki, sehemu zake na risasi hazifungwi ndani ya pipa la nguo linalokuja Mombasa. Kuzitoa Marekani huhitaji leseni, na hapa Kenya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, humtaka mtu awe na kibali. Hata risasi moja iliyosahaulika mfukoni mwa mkoba uliotumiwa kwenda uwanjani inaweza kumgharimu msafiri akifika uwanja wa ndege. Mkoba wa bunduki usigeuzwe mkoba wa safari.

Hitimisho

Makala haya hayakukusudia kumshawishi mtu anunue wala kumzuia aliye na haki na sababu. Yamejaribu kuonyesha mpangilio wa maswali: kwanza hadhi ya mtu kisheria, pili kazi, tatu watu wa nyumbani, nne risasi, na mwisho bunduki. Anayeanzia mwisho huongozwa na muuzaji, na muuzaji hataishi naye nyumba moja.

Binamu yangu alipomaliza kunisikiliza alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza sefu huuzwa kiasi gani. Nilimwambia kuwa hilo ndilo swali la kwanza zuri aliloniuliza. Amejiandikisha katika mafunzo ya uwindaji pamoja na mwanawe, na taa ya nje ameshaibadilisha. Bunduki bado hajanunua. Anasema ataamua baada ya mafunzo, nami naona kwamba subira hiyo ni dalili ya mtu aliyeanza kuuelewa uzito wa chombo anachokitaka.